Kabla ya sarafu moja, tuulize bei zinapanda kwa nini

Mei 2006 Lithuania ilinyimwa sarafu ya euro kwa tofauti ya sehemu moja ya kumi ya asilimia. Wastani wa mfumuko wake wa bei kwa miezi kumi na miwili iliyoishia Machi mwaka huo ulikuwa asilimia 2.7, na kikomo kilikuwa asilimia 2.6. Kwingine kote mambo yake yalikuwa safi. Deni la taifa lilikuwa chini ya asilimia 20 ya pato la taifa, huku kikomo kikiwa asilimia 60. Nakisi ya bajeti ilikuwa ndogo, na sarafu yake, litas, ilikuwa imefungwa kwenye euro tangu 2002 bila kuyumba. Slovenia iliyoomba nayo wakati mmoja ilipita, ikaanza kutumia euro tarehe 1 Januari 2007. Lithuania ilisubiri mpaka tarehe 1 Januari 2015.

Kikomo hicho hupatikana kwa hesabu iliyowekwa kwenye Mkataba wa Maastricht wa 1992. Huchukuliwa nchi tatu zenye mfumuko wa bei wa kupigiwa mfano ndani ya Umoja wa Ulaya, unatafutwa wastani wake, kisha inaongezwa asilimia 1.5. Mwaka 2006 nchi hizo tatu zilikuwa Uswidi, Ufini na Polandi. Kati yao ni Ufini peke yake iliyokuwa ikitumia euro. Yaani Lithuania ilipimwa, kwa sehemu kubwa, kwa mwenendo wa nchi ambazo zenyewe hazikuwamo kwenye sarafu iliyokuwa ikiiomba. Na wale waliokumbuka mwaka 1998 walikuwa na neno la kusema, kwa sababu Ubelgiji na Italia ziliruhusiwa kuingia zikiwa na madeni yanayozidi asilimia 100 ya pato la taifa. Deni lililopita kikomo kwa mbali lilivumiliwa, lakini sehemu moja ya kumi ya asilimia ya bei haikuvumiliwa.

Naurejea mkasa huu kwa sababu na sisi tumetia saini. Tarehe 30 Novemba 2013, jijini Kampala, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliweka saini Itifaki ya Umoja wa Fedha. Tumejiwekea vigezo vyetu: mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa pamoja na misaada, deni la umma lisilozidi asilimia 50 kwa thamani yake ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi minne na nusu ya uagizaji. Lengo la kuwa na sarafu moja ifikapo 2024 limeshapita, na sasa unatajwa mwaka 2031. Hatujachelewa kufikiri. Na swali ambalo sisikii likiulizwa vya kutosha Arusha, wala Dodoma, wala Nairobi, ni hili: bei za nchi fulani zinapopanda haraka kuliko za jirani yake, zimepandishwa na nini?

Jibu la swali hilo lina mwenyewe, na ni mtu aliyetoka upande huo huo wa Ulaya. Béla Balassa alizaliwa Budapest mwaka 1928. Baada ya mapinduzi ya Hungaria ya 1956 kuzimwa na majeshi ya Kisovieti, alikimbia nchi yake, akapitia Austria, akafika Marekani, ambako alisoma Yale kisha akafundisha Johns Hopkins. Mwaka 1964 alichapisha makala akihoji imani ya muda mrefu kwamba viwango vya kubadilisha fedha vinapaswa kusawazisha bei za nchi mbalimbali. Mwaka huo huo Paul Samuelson, bila kushirikiana naye, alifika kwenye hoja ileile. Roy Harrod wa Uingereza alikuwa ameigusa tangu 1933. Ndiyo maana wachumi huiita hoja hii kwa majina ya Balassa na Samuelson, na wengine humwongeza Harrod.

Hoja yenyewe si ngumu, na mahali pazuri pa kuielewa ni mji wa Trnava, Slovakia. Mwaka 2006 kiwanda kikubwa cha magari cha kampuni ya Peugeot Citroën kilianza uzalishaji pale. Mfanyakazi aliyetoka kwenye karakana ya zamani iliyochoka akaingia kwenye mstari wa kisasa wa kuunganisha magari huzalisha mara nyingi zaidi kwa saa moja. Hiyo ndiyo tija. Kiwanda kinaweza kumlipa zaidi bila kupandisha bei ya gari, na hakiwezi kuipandisha hata kikitaka, kwa sababu bei ya gari hupangwa na ushindani wa soko zima la Ulaya. Mpaka hapo hakuna mfumuko wa bei.

Sasa mtazame kinyozi wa Trnava. Yeye hashindani na kinyozi wa Paris wala wa Munich, maana hakuna anayesafiri kwenda nchi nyingine kunyolewa. Mkasi wake hauna kasi kuliko mkasi wa baba yake. Idadi ya vichwa anavyonyoa kwa siku ni ileile. Lakini kijana anayemsaidia dukani ana njia ya kwenda kiwandani, na kiwandani mshahara umepanda. Kinyozi akitaka abaki, lazima amwongeze. Pesa ya nyongeza hiyo haitoki kwenye tija, kwa hiyo inatoka kwenye bei ya kunyoa. Hali ni hiyo hiyo kwa fundi bomba, mwalimu wa shule ya awali, mpishi wa mgahawa na dereva wa basi. Huduma zote zisizovuka mpaka zinapanda bei, kwa sababu tu kiwanda kimefanikiwa.

Kwa hiyo nchi inayokimbilia utajiri, ikiwa sarafu yake imefungwa kwa sarafu ya nchi tajiri, itakuwa na mfumuko wa bei mkubwa kuliko ile tajiri bila kuwa imekosea chochote. Japani ilishaonyesha hivyo zamani. Katika miaka ya 1960 dola moja ilikuwa yeni 360, na haikubadilika. Viwanda vya Japani vilikuwa vikiongeza tija kwa kasi ya kushangaza, bei za jumla za bidhaa za viwandani zikibaki karibu palepale, lakini gharama ya maisha ya mtu wa Tokyo ilipanda kwa wastani wa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, kasi kubwa kuliko ya Marekani. Bidhaa za Japani hazikukosa wanunuzi hata siku moja. Zilizidi kuuzwa.

Hapo ndipo Lithuania na wenzake walipokuwa na haki ya kulalamika. Tarehe 1 Mei 2004 nchi nane zilizokuwa zimetawaliwa na vyama vya kikomunisti ziliingia Umoja wa Ulaya pamoja na Malta na Kupro: Estonia, Latvia, Lithuania, Polandi, Ucheki, Slovakia, Hungaria na Slovenia. Ziliambiwa ziwafikie wakubwa kwa kipato, na wakati huo huo zilingane nao kwa mfumuko wa bei. Kwa nchi zenye sarafu iliyofungwa, maagizo hayo mawili yanavutana.

Ziko njia mbili tu za bei za nchi maskini kusogea karibu na za nchi tajiri. Ama bei zenyewe zipande ndani, ama sarafu yake ipate nguvu. Slovakia iliifuata njia ya pili, nayo inastahili kusomwa na kila gavana wa benki kuu wa ukanda wetu. Ilipoingia kwenye utaratibu wa kusubiri euro Novemba 2005, euro moja ilikadiriwa kwa koruna 38.455. Machi 2007 kiwango hicho kilirekebishwa, koruna ikapandishwa thamani kwa asilimia 8.5. Mei 2008 ikapandishwa tena kwa zaidi ya asilimia 17. Ilipobadilishwa kuwa euro tarehe 1 Januari 2009, euro moja ilikuwa koruna 30.126. Koruna yenye nguvu ilifanya mafuta, mashine na bidhaa nyingine za nje ziwe nafuu, ikatuliza mfumuko wa bei, na Slovakia ikapita mtihani. Benki Kuu ya Ulaya yenyewe, kwenye tathmini yake ya 2008, haikuficha wasiwasi wake kama utulivu huo ungedumu baada ya njia hiyo kufungwa. Lithuania, Latvia na Estonia hazikuwa na njia hiyo. Zilikuwa zimezifunga sarafu zao kwa makusudi, kwa sababu kumbukumbu ya mwaka 1992, ambapo bei nchini Estonia zilipanda kwa zaidi ya asilimia 1,000 kwa mwaka mmoja, ilikuwa bado inauma. Kwa hiyo marekebisho yote kwao yalipitia kwenye bei za dukani, na ni bei za dukani ndizo zilizopimwa.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba kanuni ya Maastricht iliwaonea wanaokimbia. Wapo wachumi wengi, hasa wa nchi hizo, waliosema hivyo kwa nguvu. Lakini ukweli haujakamilika, na sehemu iliyobaki ndiyo inayotuhusu zaidi.

Wataalamu walipokwenda kwenye takwimu kupima ni kiasi gani hasa cha tofauti ya mfumuko wa bei kinatokana na tija, walipata kidogo kuliko walivyotarajia. Dubravko Mihaljek na Marc Klau wa Benki ya Malipo ya Kimataifa iliyoko Basel walichunguza nchi sita za Ulaya ya Kati, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Walikuta kwamba tofauti za tija zilieleza kwa wastani kati ya pointi za asilimia 0.2 na 2.0 tu katika tofauti ya mfumuko wa bei kwa mwaka kati ya nchi hizo na eneo la euro. Inatosha kumnyima mtu nafasi kwenye kikomo chembamba kama kile cha 2006. Haitoshi kueleza mfumuko wa bei wa asilimia 10.

Kilichobaki kilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye bei zilizokuwa zimeshikiliwa na serikali. Chini ya mfumo wa zamani kodi ya nyumba, umeme, joto la majumbani wakati wa baridi na nauli ya basi vilitozwa chini kabisa ya gharama zake halisi. Serikali mpya ziliziachia bei hizo kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kwa sababu hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuziachia zote siku moja. Umeme unapopandishwa bei ili ufidie gharama, faharisi ya bei inapanda, lakini hapo tija haijafanya kazi yoyote. Sehemu nyingine ilitoka kwenye watu waliohama. Milango ya Uingereza, Ireland na Uswidi ilipofunguliwa 2004, vijana wa Baltiki waliondoka kwa wingi. Lithuania iliyokuwa na watu karibu milioni 3.7 mwaka 1990 imebaki na chini ya milioni 3. Kinyozi wa Vilnius alilazimika kupandisha mshahara wa msaidizi wake kwa sababu Dublin ilikuwa inamwita, hata kama kiwanda cha jirani hakijaongeza hata gurudumu moja.

Na sehemu iliyoumiza kuliko zote ilitoka kwenye mikopo.

Latvia ndiyo mfano wa kuhuzunisha. Benki, nyingi zikiwa za Uswidi, zilimwaga mikopo ya nyumba. Bei za nyumba zilipaa. Mwaka 2007 mishahara ilipanda kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka mmoja, kasi ambayo hakuna tija duniani inayoweza kuifikia. Nakisi ya malipo ya nje ilizidi asilimia 20 ya pato la taifa. Mfumuko wa bei ulifika wastani wa zaidi ya asilimia 15 mwaka 2008. Na katika miaka hiyo yote maelezo ya kutuliza roho yalikuwa tayari: tunawafikia wenzetu, hii ndiyo gharama ya kukua, Balassa na Samuelson walishasema. Novemba 2008 serikali ililazimika kuitwaa benki ya Parex. Mwezi uliofuata ulikubaliwa mpango wa uokoaji wa euro bilioni 7.5 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, Umoja wa Ulaya na wafadhili wengine. Mwaka 2009 uchumi ulinywea kwa zaidi ya asilimia 14. Walimu, wauguzi na polisi walikatwa mishahara, na baadhi ya shule na hospitali zikafungwa.

Kuna wanaosema kwamba kwa hiyo Tume ya Ulaya ilifanya sawa kuikatalia Lithuania, kwa kuwa mfumuko wake nao ulivuka asilimia 11 mwaka 2008. Sikubaliani nao. Kipimo cha 2.7 dhidi ya 2.6 hakikusema lolote kuhusu dhoruba iliyokuwa inakuja. Kama mkopeshaji mmoja angeulizwa mwaka 2006 mikopo ya nyumba inakua kwa kasi gani, jibu lake lingekuwa na thamani kuliko desimali zote za faharisi ya bei. Tume ilitoa jibu lililokuja kuonekana la busara, kwa kutumia rula isiyopima kitu kilichokuwa kinaharibika. Hilo ni la kutisha zaidi, kwa sababu rula hiyo hiyo kesho inaweza kumpitisha mgonjwa na kumzuia mzima.

Nadhani sasa unaona hoja yangu. Mfumuko wa bei wa nchi inayokua ni jumla ya vitu vyenye tabia tofauti kabisa. Kimoja kinajilipa chenyewe kwa tija. Kingine ni deni la bei za zamani linalolipwa taratibu. Cha tatu ni kelele za mafuta na chakula, kama ilivyokuwa 2022, bei za gesi zilipolipuka baada ya Urusi kuivamia Ukraine: Estonia ilipata mfumuko wa bei wa asilimia 19.4 kwa mwaka huo na Ufaransa asilimia 5.9, nchi mbili zenye sarafu moja na benki kuu moja. Cha nne ni mkopo unaokimbia mbele ya uwezo wa kulipa. Namba moja ya mwisho wa mwezi inavimeza vyote.

Tuje nyumbani.

Mwaka 2023 mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa chini ya asilimia 4, na Burundi ulizidi asilimia 20. Je, Burundi ilikuwa inakimbia kuliko sisi? Warundi wenyewe wasingekubali. Fedha za kigeni zilikuwa zimeadimika, petroli ilikuwa ya kupangia foleni, na Mei mwaka huo Benki ya Jamhuri ya Burundi iliishusha sana thamani ya faranga. Sudan Kusini nayo hubebwa na mafuta yake na bomba linaloyapitisha Sudan, na bomba hilo lilipoharibika mwanzoni mwa 2024 pauni yake ilizama. Hakuna hata moja kati ya tofauti hizi inayotokana na kiwanda kilichoongeza tija. Kwetu faharisi ya bei inatawaliwa na sahani ya chakula. Chakula na vinywaji visivyo na kileo vinachukua karibu theluthi moja ya kikapu cha bei cha Kenya na zaidi ya robo ya kikapu cha Tanzania. Mvua zikikosa Kondoa au Kitui, mfumuko wa bei unapanda hata kama magavana wote wamefanya kazi yao vizuri.

Kuna sababu ya ndani zaidi inayofanya hoja ya Balassa isifanye kazi kwetu bado, na inatoka kwa mchumi mwingine. Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, aliandika mwaka 1954 kwamba katika nchi yenye watu wengi mashambani na mitaani wanaotafuta kazi, kiwanda kinaweza kukua miaka mingi bila mishahara kupanda, kwa sababu getini kila asubuhi kuna wengine wanaosubiri. Kumbuka kinyozi wa Trnava alipandisha mshahara kwa sababu msaidizi wake alikuwa na mahali pa kwenda. Wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha, au wa viwanda vya nguo vya Athi River, wakiongeza tija, msaidizi wa saluni mjini hana nguvu ya kumwambia bosi wake kwamba anaondoka. Wako kumi wanaoitaka nafasi yake. Mgodi wa dhahabu wa Geita unaingiza fedha nyingi za kigeni, lakini unaajiri watu wachache mno kuweza kuvuta mishahara ya nchi nzima. Tija inabaki pale ilipozaliwa.

Tena sisi tuna jambo ambalo Balassa hakuliona. Yeye alidhani huduma hazina tija ya kuongezeka, mkasi ni mkasi. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, kutuma pesa kumekuwa mojawapo ya kazi zilizoongeza tija kwa kasi kubwa kuliko nyingi za viwandani, nayo ni huduma. Mwanamke anayeuza samaki Kisumu haendi tena kituo cha basi kumkabidhi dereva bahasha. Pale ambapo huduma ndiyo inayokimbia na kiwanda ndicho kinachobaki nyuma, hesabu ya Balassa inageuka: bei za huduma zinapaswa kutulia. Nasema hivi ili tusiwe wepesi wa kukopa nadharia za Budapest na kuzivalisha hali ya Bujumbura.

Kwa hiyo waziri wa fedha yeyote wa ukanda huu atakayesimama bungeni na kusema mfumuko wetu wa bei ni dalili ya kukua, aulizwe mambo matatu hapo hapo. Bei zipi zimepanda, za huduma au za unga na mafuta ya taa? Mishahara ya viwandani imepanda kiasi gani, na tija yake kiasi gani? Mikopo ya benki imekua kwa kasi gani? Kama hana majibu, anatumia jina la Balassa kama walivyolitumia wenzake wa Latvia mwaka 2007.

Kikomo chetu cha asilimia 8 kinaonekana cha huruma kuliko cha Maastricht. Ni namba iliyosimama, haitegemei nani amefanya vizuri zaidi. Nakubali kwamba inampa nafasi anayekimbia. Lakini ifanyie hesabu. Chukua nchi mbili ndani ya sarafu moja, moja ikiwa na mfumuko wa asilimia 3 kila mwaka na nyingine asilimia 8, zote zikiwa zimetii itifaki kikamilifu. Baada ya miaka kumi bei za ya kwanza zimepanda kwa asilimia 34, na za ya pili kwa asilimia 116. Kitu kilichouzwa bei moja pande zote mbili za mpaka sasa ni ghali kwa asilimia 60 upande mmoja kuliko mwingine. Kama nyuma ya tofauti hiyo kuna tija, kama ilivyokuwa kwa magari ya Slovakia, hakuna neno. Slovakia leo huunda magari karibu milioni moja kwa mwaka, mengi kuliko nchi yoyote duniani ukilinganisha na idadi ya watu. Kama nyuma yake hakuna tija, viwanda vya nchi ile ya pili vitakuwa vimekwisha kufa, na haitakuwa na shilingi yake wala faranga yake ya kushusha thamani ili ijinusuru.

Na si viwanda tu. Benki kuu moja ina riba moja. Riba ikiwa asilimia 7, mkopaji wa nchi yenye mfumuko wa asilimia 3 analipa mkopo ghali, na mkopaji wa nchi yenye mfumuko wa asilimia 8 anakopa bure na kuongezewa. Atakopa ajenge nyumba za kupangisha, bei zitapanda zaidi, na atakopa tena. Ireland na Hispania zilipitia njia hiyo ndani ya euro kabla ya 2008, na Latvia iliipitia nje yake.

Historia yetu ina onyo la namna hiyo hiyo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na shilingi yake ikatumika Mombasa, Kampala na Dar es Salaam mpaka kila nchi ilipotoa sarafu yake kuanzia 1966. Katika miaka ile tofauti ya tija kati ya Nairobi na kwingine ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Viwanda vilirundikana Kenya. Mkataba wa Kampala wa 1964 ulijaribu kugawa viwanda ili Tanganyika na Uganda zisiachwe, lakini haukufua dafu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977. Sababu zilikuwa nyingi, na za kisiasa hazikuwa ndogo, ila tusijidanganye kwamba sarafu moja ilipunguza manung'uniko ya waliojiona wanabaki nyuma.

Mimi natamani sarafu hiyo ije. Mfanyabiashara anayetoa mchele Mbeya na kuupeleka Kigali anapoteza pesa kila anapobadilisha fedha mpakani, na hana kinga pale faranga inapoyumba. Kwa ajili yake inafaa ije ikiwa na msingi, na msingi huo kwa sehemu kubwa ni takwimu ambazo bado hatuna kwa pamoja. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, wenzao wa Kenya, Uganda, Rwanda na wengine, zikubaliane kutoa kila robo mwaka, kwa mtindo mmoja, bei za bidhaa zinazovuka mpaka zikiwa peke yake na bei za huduma zikiwa peke yake, na tija ya kila sekta pembeni yake. Itifaki inataka vigezo vitimizwe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya nchi kuingia. Basi katika miaka hiyo mitatu nchi inayotaka kuvumiliwa juu ya wenzake kwa bei ithibitishe kwamba bei za bidhaa zake zinazoshindana nje hazijapanda kuliko za jirani, na kwamba mikopo ya benki zake haijaupita uchumi. Ikithibitisha hivyo, hata mfumuko wa asilimia 8 usiwe sababu ya kuizuia. Ikishindwa, asilimia 5 isiwe sababu ya kuipitisha.

Kanuni kama hiyo inahitaji kuandikwa sasa, wakati hakuna nchi inayojua itakuwa upande gani wa mstari. Ikiandikwa 2030, kila waziri atakuwa na kikokotoo mfukoni akitafuta namba inayompitisha yeye, na atakayebaki nje kwa sehemu moja ya kumi ya asilimia hatatuelewa.